Gridi, kitufe na seng'enge: kutengeneza programu ya duka kwa komponenti za Lazarus

Programu ya kwanza niliyoipeleka dukani iliangushwa na seng'enge. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nimeshamaliza kujisifu, binti wa kaunta ameshakaa mbele ya kompyuta, mteja wa kwanza anaulizia waya wa seng'enge. Binti akaandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, na katikati ya skrini likatokea boksi la kosa: near "enge": syntax error. Mama mwenye duka akanigeukia taratibu. "Fundi, hii mashine yako haijui seng'enge?"

Nitalirudia jambo hilo chini. Nimelitanguliza kwa sababu lina funzo la kazi nzima: kisanduku, gridi na kitufe nilivichukua vikiwa tayari, nikaviweka kwenye fomu kwa nusu saa, nikadhani nimemaliza. Komponenti, yaani kipande cha programu kilichokwisha kutengenezwa, inakupa umbo. Namna itakavyofanya kazi mikononi mwa mtu wa kaunta bado ni juu yako, na kazi kubwa iko huko.

Natumia Lazarus, chombo cha kutengenezea programu. Ni ya bure, inatumia lugha ya Pascal, na mfumo wake wa komponenti, LCL, umeigizwa kutoka kwa ule wa Delphi, ambayo Borland waliitoa mwaka 1995. Mradi wa Lazarus ulianza 1999, na toleo la 1.0 likatoka 2012, kwa hiyo si kitu cha jana. Leseni yake inakuruhusu kuuza programu yako bila kutoa msimbo wako. Ninachokipenda zaidi ni kwamba faili linalotoka linakwenda hata kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 2, na mteja halazimiki kusakinisha kitu kingine chochote. Kompyuta za kaunta ndivyo zilivyo: ni zile zilizochoka ofisini.

Hapa tunatengeneza dirisha moja tu, la bidhaa. Ukiliweza hilo, la mauzo na la manunuzi ni ndugu zake.

Anza na jedwali, usianze na fomu

Vijana wengi ninaowafundisha wanakimbilia kuburuta vitufe. Anza na databesi. Ya kwangu ni SQLite, faili moja tu. Jedwali lenyewe:

CREATE TABLE bidhaa (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  msimbopau VARCHAR(20),
  jina VARCHAR(80),
  kipimo VARCHAR(10),
  idadi DOUBLE,
  kiwango DOUBLE,
  bei BIGINT
);

Kila aina hapo ina sababu yake. SQLite yenyewe haijali ukiandika TEXT au VARCHAR, lakini komponenti za Lazarus zinajali. Ukiandika TEXT, gridi itakuonyesha neno (MEMO) kwenye kila mstari badala ya jina la bidhaa, nawe utakesha ukitafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa. Andika VARCHAR na urefu wake, yaishe.

Idadi ni DOUBLE kwa sababu misumari inauzwa kwa kilo, na mtu anaweza kutaka kilo moja na robo. Bei ni namba nzima, maana hakuna anayerudisha chenji ya senti siku hizi. BIGINT nimeiweka kwa ajili ya jumla: namba nzima ya biti 32 inaishia 2,147,483,647, na duka la jumla likijumlisha mauzo ya shilingi kwa mwaka linaweza kuupita mpaka huo. Siku hiyo jumla itageuka kuwa hasi, na utapigiwa simu usiku.

Mnyororo wa komponenti tano

Fungua mradi mpya, uuite fomu yake FBidhaa. Kwenye paleti ya komponenti, kichupo cha SQLdb, chukua TSQLite3Connection, TSQLTransaction na TSQLQuery. Kwenye Data Access chukua TDataSource. Kwenye Data Controls chukua TDBGrid. Ya mwisho tu ndiyo mtumiaji atakayoiona. Nne za mwanzo ni vijisanduku vinavyoonekana kwako wakati wa kutengeneza, programu ikiwashwa vinapotea machoni.

Ziunganishe kwa mpangilio huu kwenye dirisha la sifa (F11 ikiwa limejificha): muamala (TSQLTransaction) ujue muunganisho wake (TSQLite3Connection), TSQLQuery ijue muunganisho na muamala, TDataSource iijue TSQLQuery kupitia DataSet, na gridi iijue TDataSource. Mimi huwa naufikiria kama mpira wa maji: tangi, koki, bomba, kiungio, ndoo. Maji yasipofika kwenye ndoo, fuata mpira kutoka mwanzo. Mara tisa kati ya kumi kuna kiungio hakijaingia.

TSQLQuery usiiache na jina la SQLQuery1. Iite QBidhaa. Programu ikifika fomu 12 utanishukuru.

Jambo la faili la sqlite3.dll, ambalo ndilo lenye SQLite yenyewe: lazima likae pamoja na programu yako, na lazima ukubwa wa biti ulingane. Programu ya biti 32 inataka dll ya biti 32, hata kama Windows yenyewe ni ya 64. Nimeshasafiri na basi hadi Sengerema, kivuko juu, kwa sababu ya dll isiyolingana.

Kuhifadhi ambako hakuhifadhi

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote, na ndipo nitakapokaa.

Ukishaunganisha mnyororo, gridi inaonyesha data, unabadilisha bei ya saruji kutoka 16,500 kwenda 17,000, unabonyeza Enter, na bei mpya inaonekana. Unafunga programu. Ukiiwasha tena, 16,500 imerudi. Hakuna kosa lililotokea, hakuna ujumbe, kimya.

Sababu ni kwamba TSQLQuery haiandiki moja kwa moja kwenye faili. Inaweka mabadiliko kwenye kumbukumbu yake kwanza, kama karani anayeandika kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuingiza kwenye daftari. Kuna hatua tatu. Post inaandika kwenye karatasi ya pembeni. ApplyUpdates inaipeleka kwenye databesi, ila ndani ya muamala ambao haujafungwa. Commit ndiyo inayopiga muhuri. Gridi inakufanyia ya kwanza tu, unapohama mstari.

Kwa hiyo nenda kwenye matukio ya QBidhaa, bofya mara mbili AfterPost, uandike:

procedure TFBidhaa.QBidhaaAfterPost(DataSet: TDataSet);
begin
  QBidhaa.ApplyUpdates;
  SQLTransaction1.CommitRetaining;
end;

Tukio la AfterDelete lipe msimbo huo huo. Nimetumia CommitRetaining badala ya Commit kwa sababu Commit ya kawaida inafunga na TSQLQuery yenyewe, gridi inabaki tupu na binti wa kaunta anaanza kupiga kelele. Na jedwali lisipokuwa na PRIMARY KEY, safu inayoutambulisha kila mstari, ApplyUpdates haitajua ni mstari upi wa kubadilisha. Ndiyo maana tumeiweka.

Wapo wanaopenda kuweka kitufe kikubwa cha "Hifadhi" na kusubiri mtumiaji akibonyeze mwisho wa siku. Mimi sikubali. Umeme ukikatika saa nane mchana, karatasi yote ya pembeni imekwenda. Hifadhi kila mstari unapokamilika.

Mtego mwingine wa komponenti hiyo hiyo: RecordCount. Niliweka kwenye dirisha la ukaribisho maneno "Una bidhaa hizi dukani" na namba pembeni. Duka lilikuwa na bidhaa zaidi ya 600, programu ikasema 10. Mama akanitania kwamba nimeshamuuzia duka zima. Kumbe TSQLQuery inavuta mistari kwa mafungu ya kumi kumi, na RecordCount inahesabu iliyokwisha kuvutwa tu. Unaweza kuweka sifa ya PacketRecords kuwa -1 ili ivute yote kwa mkupuo, lakini kwa kuhesabu, uliza databesi yenyewe kwa SELECT COUNT(*).

Sasa seng'enge

Kisanduku cha kutafutia ni TEdit, tukiite EditTafuta. Msimbo wangu wa kwanza uliunganisha maneno moja kwa moja: LIKE '%' kisha alichoandika mtu, kisha '%'. Kwa "saruji" na "nondo" ulikwenda vizuri wiki nzima nyumbani. Lakini alama ile iliyo katikati ya seng'enge ndiyo hiyo hiyo SQL, lugha ya kuulizia databesi, inayoitumia kufungia maneno. Databesi ikasoma "seng" ikaona neno limefungwa, halafu ikakutana na "enge" inayoelea peke yake. Waliotengeneza mifano ya mtandaoni hawana seng'enge wala ving'amuzi kwenye maduka yao, hivyo ukiiga mfano wao kosa linakusubiri wewe.

Dawa ni kutumia nafasi ya kujaza:

procedure TFBidhaa.Tafuta;
begin
  QBidhaa.Close;
  QBidhaa.SQL.Text :=
    'SELECT * FROM bidhaa WHERE jina LIKE :t ORDER BY jina';
  QBidhaa.ParamByName('t').AsString := '%' + EditTafuta.Text + '%';
  QBidhaa.Open;
end;

Ile :t inajazwa na komponenti yenyewe, na alama yoyote iliyomo inabaki kuwa herufi tu. Hii pia inamzuia mtu mwenye nia mbaya asiandike amri ya databesi ndani ya kisanduku chako, ingawa kwa duka la nondo hilo halinikoseshi usingizi kama seng'enge.

Usiiite Tafuta kila herufi inapobonyezwa. Weka TTimer, Interval yake 300, Enabled iwe False. Kwenye OnChange ya EditTafuta izime timer na kuiwasha tena. Kwenye OnTimer izime na uite Tafuta. Mtu akiandika haraka, utafutaji unamsubiri amalize. Angalia pia kwamba Close inatupa karatasi ya pembeni kama kuna kitu hakijapelekwa. Ukiwa umeshaweka AfterPost yetu ya juu, kinachoweza kupotea ni mstari uliokuwa bado unaandikwa tu.

Gridi iseme kitu

Bofya gridi mara mbili, mhariri wa safu utafunguka. Ongeza safu moja moja, uzipe vichwa vya Kiswahili cha dukani: Bidhaa, Kipimo, Iliyopo, Bei. Safu ya id usiionyeshe, haimhusu mtu. Kwenye safu ya bei weka DisplayFormat kuwa #,##0 ili 1250000 isomeke. Mtu anayehesabu sufuri kwa kidole kwenye kioo atakosea siku moja, na hasara itaitwa ya kompyuta.

Bidhaa iliyokaribia kuisha, yaani idadi yake imefika kwenye kiwango au chini yake, nataka iwe nyekundu. Gridi ina tukio la OnPrepareCanvas linaloitwa kabla ya kila kisanduku kuchorwa:

if QBidhaa.FieldByName('idadi').AsFloat <=
   QBidhaa.FieldByName('kiwango').AsFloat then
  DBGrid1.Canvas.Font.Color := clRed;

Basi. Mistari mitatu, na mama mwenye duka aliipenda hiyo kuliko kazi yote niliyoifanya wiki tatu. Hakuna aliyewahi kunisifia AfterPost.

Skrini ya kaunta si skrini yako

Nyumbani nina skrini ya 1920 kwa 1080. Kaunta ina ya 1024 kwa 768, ile nene ya zamani kidogo. Fomu yangu ya kwanza ilipofunguliwa kule, kitufe cha chini kilikuwa kimezama chini ya ukingo, hakionekani kabisa.

Usipange vitu kwa macho. Weka TPanel ya juu yenye Align alTop, ndani yake kisanduku cha kutafutia. Weka TPanel ya chini yenye alBottom, ndani yake vitufe. Gridi ipe alClient, nayo itajaza kilichobaki, kiwe kikubwa au kidogo. BorderSpacing.Around ya 6 inaipa kila kitu nafasi ya kupumua. Vitufe vya kulia ndani ya paneli vipe Anchors za akRight na akTop, ukizima akLeft, ili dirisha likitanuka viende na ukingo.

Na usishangae TButton ikibadilika sura ukikompaili kwenye Linux. LCL inaazima kitufe cha mfumo wenyewe: kwenye Windows ni cha Windows, kwenye Linux ni cha GTK au Qt. Pengo la pikseli mbili tatu huwezi kulikwepa, Align inalibeba.

Komponenti za watu wengine

Utafika mahali utataka kitu ambacho hakimo. Kuna kidirisha cha Online Package Manager, na ndani yake vitu vizuri: BGRAControls kwa vitufe vya kupendeza, VirtualTreeView kwa orodha ndefu, ZeosDBO kwa databesi nyingine. Kusakinisha kifurushi kunaifanya Lazarus ijikompaili upya yenyewe, kwa hiyo kwenye laptopu dhaifu nenda kachemshe chai.

Mimi nilichelewa kujifunza ubahili hapa. Niliwahi kuchukua gridi ya kampuni moja, nzuri ajabu, yenye rangi na vichujio, bila kusoma karatasi yake. Ilikuwa ya majaribio. Siku ya 31 ikaanza kumtolea mteja wangu tangazo la kulipia kila anapofungua mauzo, kwa fedha za kigeni, na mteja akaamini mimi ndiye ninayemdai. Tangu siku hiyo nauliza mambo matatu kabla ya kugusa: msimbo wake ninao? Leseni inaniruhusu kuuza? Imeguswa lini mara ya mwisho na wenyewe? Jibu moja likiwa baya, natumia TDBGrid ya kawaida na kuvumilia.

Ukiichukua komponenti ya watu wengine, usiiburute kwenye fomu. Iunde ndani ya msimbo:

Mti := TVirtualStringTree.Create(Self);
Mti.Parent := PanelKati;
Mti.Align := alClient;

Kwa njia hii, ukifungua mradi kwenye kompyuta nyingine ambayo kifurushi hakijasakinishwa kwenye paleti, fomu yako haitalalamika kwamba haijui aina hiyo na kukutia kishawishi cha kuifuta. Kifurushi kinahitaji tu kuwekwa kwenye mahitaji ya mradi. Mstari wa Parent ndio unaosahaulika: bila huo komponenti ipo, inakula kumbukumbu, ila haionekani popote. Nimeshapoteza jioni nzima kwa mstari huo mmoja.

Cha kutengeneza mwenyewe ni TFrame, kipande cha fomu unachoweza kukitumia kwenye fomu nyingi. Kile kisanduku cha kutafutia, timer yake na gridi yake nilivihamishia kwenye fremu moja, na sasa fomu ya mauzo, ya manunuzi na ya stoo zote zinaitumia. Kosa la seng'enge nililirekebisha mahali pamoja.

Enter, skana na panya

Skana, yaani kifaa cha kusoma msimbopau (barcode), ni kibodi tu machoni pa kompyuta. Inaandika namba haraka, kisha nyingi zinabonyeza Enter. Kama kwenye fomu ya mauzo kuna kitufe chenye Default kuwa True, Enter hiyo itakibonyeza. Kwangu kilikuwa "Kamilisha", na kila bidhaa iliyosomwa ilitoa risiti yake. Mteja wa vitu vitano aliondoka na risiti tano ndefu kama kamba ya kitoto. Acha Default ikiwa False kwenye fomu za kaunta.

Watu wa kaunta pia wamezoea Enter iwapeleke kisanduku kinachofuata. Weka KeyPreview ya fomu kuwa True, kisha kwenye OnKeyPress:

if Key = #13 then
begin
  Key := #0;
  SelectNext(ActiveControl, True, True);
end;

Mpangilio wa kuhama unafuata TabOrder, si mahali kitu kilipo kwenye skrini. Ukiongeza kisanduku leo kati ya viwili vya jana, TabOrder yake itakuwa ya mwisho, na kishale kitaruka kama panzi.

Kabla ya kubeba fleshi kwenda dukani, zima taarifa za utatuzi (debug info) kwenye mipangilio ya kukompaili, maana zinafanya faili liwe la MB zaidi ya 20 bila sababu. Nakili programu, dll na databesi tupu kwenye folda kama C:\Duka, si Program Files, ambako Windows haipendi programu iandike data. Halafu chomoa panya. Jaribu kuuza mifuko mitatu ya saruji, kilo moja na robo ya misumari na roli moja ya seng'enge kwa kibodi peke yake, kuanzia kutafuta hadi risiti. Mahali popote mkono wako utakapoanza kumtafuta panya, andika jina la kisanduku hicho kwenye karatasi. Mimi mara ya mwisho nilikuwa na vinne, na vyote vilikuwa TabOrder.